Pikapu ya Pini 13 na Safari ya Besi Kuelekea Sinthesaiza

Mwaka 2023 kampuni ya Boss, ambayo ni chapa ya Roland ya Japani, ilileta sokoni pikapu mpya ya sinthesaiza kwa ajili ya gitaa la besi, GK-5B. Kwa hatua hiyo iliipa kisogo kebo nene ya pini 13 iliyokuwa imeunganisha magitaa na mashine zake kwa zaidi ya miaka 30. Pikapu mpya hutuma mawimbi ya kila uzi kidijitali kupitia kebo nyembamba yenye jeki ya stirio, na mashine ya zamani haiwezi kuisoma mpaka kinunuliwe kisanduku cha kutafsiri katikati. Wapiga besi waliokwisha kufunga pikapu za zamani, GK-2B au GK-3B, kwenye magitaa yao walinung'unika, na walikuwa na haki. Teknolojia ya pini 13 haikudumu kwa sababu ilikuwa bora kuliko zote. Kwa kipimo cha ufundi mtupu, ilishindwa na wapinzani wake. Ilidumu kwa sababu ilimwachia mpigaji gitaa lake mwenyewe, na kampuni inayosahau jambo hilo inacheza na mtaji wake mkubwa.

Chanzo cha yote ni kinanda. Besi ya umeme ilipata heshima yake tangu Leo Fender alipotoa Precision Bass mwaka 1951, na kwa miaka kama 20 hakuna aliyeigusa nafasi yake. Kisha Minimoog, sinthesaiza ya kinanda, ikaingia mwaka 1970. Kufikia 1978, Bernie Worrell wa kundi la Parliament aliupiga mstari wa besi wa wimbo “Flash Light” kwa Minimoog, na kuanzia hapo maprodyuza wa funk na disko wakajua kwamba sauti nzito na ya duara kuliko uzi wowote inaweza kutoka kwenye mkono wa kushoto wa mpiga kinanda. Wapiga besi walioona hatari hiyo walitafuta njia ya pembeni. Wengine, kama Geddy Lee wa bendi ya Rush, walikanyaga pedali za Moog Taurus kwa miguu huku mikono ikiendelea na nyuzi. Anayezijua harusi zetu, ambako kinanda kimoja hubeba ngoma, besi na hata fidla, hahitaji kuelezwa kwa nini mpiga besi aliogopa.

Roland, iliyoanzishwa Osaka mwaka 1972 na Ikutaro Kakehashi, ndiyo iliyolishikilia suala la kuunganisha gitaa na sinthesaiza kwa ukaidi kuliko yeyote. Ilianza na GR-500 mwaka 1977, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 ikatoa GR-33B, sinthesaiza iliyokusudiwa besi. Wazo la msingi ni jepesi kulieleza. Pikapu ya kawaida husikiliza nyuzi zote kwa pamoja na kutoa mchanganyiko mmoja. Pikapu ya sinthesaiza ina vipokezi vidogo vya sumaku, kila kimoja chini ya uzi wake, vikiwa vimebanwa karibu na daraja kwa mwanya wa milimita moja hivi, ili mashine ijue uzi upi umepigwa, kwa nguvu gani na kwa noti ipi. Kebo ndiyo maana ikawa na pini nyingi: hupitisha sauti ya kila uzi peke yake, sauti ya kawaida ya gitaa, amri za vitufe, na umeme wa kuiendesha pikapu. Kwa sababu vipokezi ni vya sumaku, nyuzi sharti ziwe za chuma. Mwenye nyuzi za nailoni alilazimika kwenda kwa watengenezaji wa pikapu kama RMC, wanaotumia fuwele zinazohisi mtetemo ndani ya daraja lenyewe.

Tatizo ni kwamba sauti ya besi ni nzito. Uzi wa E wa besi hutetemeka mara 41 kwa sekunde, maana yake mtetemo mmoja kamili huchukua takriban milisekunde 24. Gitaa la kawaida, likiwa oktavu moja juu, huchukua nusu ya hapo. Mashine inayotaka kuitambua noti haina budi kuungoja angalau mtetemo mmoja, na ikitaka uhakika hungoja miwili, kabla haijaamuru sauti itoke. Kwenye besi ya nyuzi tano, uzi wa chini wa B hufanya mtetemo mmoja kwa milisekunde 32. Kwa ala ambayo kazi yake ni kukaa pamoja na ngoma ya chini, kuchelewa hivyo kunasikika, na mpigaji aliyezoea kusukuma wimbo mbele hujikuta anauvuta nyuma. Hakuna kosa la fundi hapo. Hata mhandisi mwenye akili kuliko wote hawezi kuharakisha mtetemo ambao haujatokea.

Hapo ndipo ugomvi wa kweli ulipozuka, na ndiyo sehemu tamu ya historia hii. Kulikuwa na kambi ya pili iliyosema: kwa nini tuusikilize uzi wakati kidole kimeshatwambia noti? Wazo hilo lilikuwapo tangu miaka ya 1960, pale Bob Murrell wa Waco, Texas, alipotengeneza Guitorgan, gitaa ambalo kila freti yake ilikatwa vipande sita na kuunganishwa kwa nyaya na saketi za ogani ndani ya mwili wa gitaa. Uzi ukigusa freti, saketi inafungwa na noti inajulikana papo hapo. Katika miaka ya 1980 mhandisi wa Australia, Steve Chick, alilihamishia wazo hilo kwenye besi, na Wal, karakana ndogo ya Kiingereza iliyojulikana kwa besi za mbao nzuri na bei ya kutisha, ikatengeneza kwa mfumo wake besi ya MIDI, yaani lugha ya kidijitali ambayo ala hutumia kuambiana noti. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Peavey ya Meridian, Mississippi, ikaufikisha mfumo huo kwa watu wa kipato cha kawaida katika besi iliyoitwa MidiBase, na baadaye CyberBass. Mwaka 1985 Roland nayo ilikuwa imetoa GR-77B pamoja na besi yake ya kipekee, G-77, yenye fimbo ndefu juu ya shingo iliyoifanya ionekane kama kitu kilichoibwa kutoka filamu ya anga za juu. Lakini ndani yake Roland iliendelea kuusikiliza uzi.

Kwa mantiki, kambi ya freti ilistahili kushinda. Hakuna kungoja mtetemo: noti inajulikana kabla uzi haujalia, na kazi iliyobaki ni kujua tu uzi umepigwa saa ngapi. Ila gharama yake ilikuwa kubwa mahali pasipoonekana dukani. Shingo iliyojaa nyaya haiwezi kupelekwa kwa fundi wa kawaida ikapigwe freti mpya. Mtelezo wa kidole kutoka noti hadi noti, ambao ndio lafudhi ya mpiga besi, hukatika vipandevipande kama ngazi. Zaidi ya yote, mwanamuziki alitakiwa kuachana na gitaa alilolizoea miaka yote na kununua jingine ambalo, siku saketi zikifa, lingebaki mbao tupu. MidiBase na CyberBass zilitoweka kwenye orodha za Peavey, na G-77 pamoja na fimbo yake haikupata mrithi. Kilichobaki ni kile kidude cha plastiki cha GK kinachofungwa kwa skrubu, au hata kwa gundi ya pande mbili, juu ya besi yoyote yenye nyuzi nne, tano au sita za chuma.

Mtu anaweza kunipinga kwa mfano wa ARP. Kampuni hiyo ya Marekani nayo iliuza pikapu ya kufungwa kwenye gitaa la mnunuzi, pamoja na sinthesaiza yake ya Avatar ya mwaka 1977, na bado Avatar ilikuwa miongoni mwa hasara zilizoisukuma kampuni kufungwa mwaka 1981. Mfano huo ni wa kweli, lakini unathibitisha jambo jingine. Avatar ilitoa noti moja tu kwa wakati mmoja, na iliuzwa kwa wapiga solo na rizimu waliotaka kodi. Laiti ARP ingewafuata wapiga besi, ambao aghalabu hupiga noti moja moja, huenda ingeambulia soko.

Pingamizi zito zaidi ni hili: kama mpiga besi hupiga noti moja moja, pikapu ya kila uzi peke yake ina kazi gani? Boss yenyewe ilishauza pedali ya SYB-3 inayoingia kwa jeki ya kawaida, na mwaka 2015 ikatoa SY-300 isiyohitaji pikapu maalumu kabisa. Nakubali kwamba kwa mstari mmoja wa funk pedali inatosha, na anayetaka hilo tu asitoboe gitaa lake. Pikapu ya kila uzi inahitajika pale mpigaji anapotaka uzi wa chini utoe sauti ya sinthesaiza huku wa juu ukibaki besi, au anapobadilisha tyuni bila kugusa vigingi, au anapopiga kodi. Tena, tangu mashine ya VG-8 ya mwaka 1995 na V-Bass iliyoifuata, Roland ilipata njia ya kuukwepa ule ucheleweshaji: badala ya kuuliza noti ni ipi, mashine huchukua mawimbi halisi ya kila uzi na kuyageuza umbo. Kwa hiyo MIDI, ambayo lazima kwanza iijue noti na iliyoshangiliwa na watu wa vinanda tangu 1983, haikuwa rafiki mkubwa wa mpiga besi kama ilivyotangazwa.

Miaka ya karibuni haina mengi ya kusimulia. GK-3B ilichukua nafasi ya GK-2B, Godin ya Kanada iliuza besi zenye tundu la pini 13 tayari, na Kakehashi alifariki Aprili 2017. Sasa Boss inauza visanduku viwili vya kutafsiri, GKC-AD kwa mwenye pikapu ya zamani na mashine mpya, na GKC-DA kwa mwenye pikapu mpya na mashine ya zamani. Inastahili sifa kwa kuvitoa, na inastahili kubanwa isije ikaviacha kimyakimya baada ya miaka michache. Mwenye GK-3B kwenye besi yake asiing'oe. Anunue kebo ya pini 13 ya akiba mapema, wakati bado zinapatikana.