Safu ya Lugha: Uguza

Kitenzi “uguza” hutokana na “ugua”, na ingawa umbo lake la kusababisha lingedokeza kumtia mtu maradhi, maana yake ni kumtunza mgonjwa, jambo pana kuliko kutibu. Upana huo huonekana katika Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Nyeri, ambako mgonjwa mahututi aliyeunganishwa na mashine ya kupumulia, yaani mtambo unaosukuma hewa mapafuni kupitia mrija wa kooni, hawezi kusema, hivyo muuguzi humwinua kichwa kwa nyuzi 30 hadi 45, humsafisha kinywa, hufyonza makohozi na kumgeuza mara kwa mara ili kuzuia nimonia na vidonda vya kulalia. Mashine humpumulia, lakini haimuuguzi. Kutoka Karatina hadi Nanyuki wengi husema “nesi”. “Muuguzi” ndilo neno linaloitaja kazi yenyewe.