Shimo la Kaskazini na Vijana wa Kariakoo: Ushindi Usioandikwa kwenye Memori Kadi

Kuna jambo moja kwenye gemu ya Final Fantasy VII ambalo anayelijua vizuri ni yule tu aliyefika mwisho. Ukishampiga Sephiroth, ukatazama filamu ya kumalizia na majina ya watengenezaji yakapita, gemu haikuulizi kama unataka kusevu. Unazima mashine, basi. Kesho yake ukiwasha, memori kadi inakurudisha pale pale ulipokuwa kabla ya pambano. Kwa mujibu wa kadi, hujawahi kushinda.

Kwa mtoto wa nchi nyingine aliyecheza peke yake chumbani kwake, pengine hilo halikuwa jambo kubwa. Kwa kijana wa Kariakoo mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, lilikuwa kubwa sana. Mtaani, ukisema umemaliza gemu na hakuna aliyekuona, jibu lilikuwa moja: "Acha kutupiga kamba." Ndiyo maana habari za waliofika chini ya shimo lile ni habari za mashahidi kuliko za mashujaa. Majina yao hayako popote. Lakini njia waliyopita inajulikana, maana mapango ya mwisho ya gemu hizi hayabadiliki, na vikwazo vya Dar es Salaam ya enzi hizo kila mtu aliviishi.

Pango la mwisho lina historia ndefu. Mwaka 1981 Wamarekani wawili, Andrew Greenberg na Robert Woodhead, walitoa gemu ya kompyuta iitwayo Wizardry. Ilikuwa ghorofa kumi za chini ya ardhi, kuta za mistari mitupu, na ghorofa ya kumi alikaa mchawi Werdna. Jina hilo ukilisoma kinyumenyume unapata Andrew. Wachezaji walichora ramani kwa mkono kwenye karatasi za miraba, na wahusika wao wakifa hapakuwa na mchezo wa kuzima na kurudia, kwa sababu diski ilikuwa imeshaandika kifo.

Wajapani waliipenda sana. Yuji Horii aliyetunga Dragon Quest mwaka 1986 alichota mengi humo. Gemu yake ya kwanza haikuwa na kumbukumbu yoyote ndani ya kaseti. Ukitaka kuendelea kesho, unapewa neno la siri lenye herufi 20 za Kijapani ulinakili kwenye karatasi. Ukikosea herufi moja, safari yote imekwenda na maji. Mwaka 1987 Hironobu Sakaguchi na kampuni ya Square wakatoa Final Fantasy ya kwanza. Hiyo ilikuwa na betri ndani ya kaseti, lakini kwenye pango la mwisho hapakuwa na sehemu hata moja ya kusevu. Ukiingia, ni ufike mwisho au urudi ulikotoka.

Kwa hiyo tangu mwanzo, swali la pango la mwisho halikuwa tu adui gani anakaa chini. Swali lilikuwa: ukianguka, unaanzia wapi tena?

Dar es Salaam ilichelewa kulikuta swali hilo. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994. Televisheni zilipoanza kuzoeleka majumbani, zilifuatwa na zile mashine za kaseti za bei nafuu, zilizoiga mashine ya Nintendo. Kwenye kaseti imeandikwa gemu 9999, ukizihesabu kweli ni chache zinazojirudia: Mario, Contra, vifaru na ndege. Nyingi hazikuwa na betri ya kutunza chochote. Ukizima, umefuta. Gemu za stori, zile za kutembea kijiji hadi kijiji ukikuza levo, hazikuwa na maisha kwenye mashine kama hiyo.

Halafu ikaja PlayStation. Sony waliitoa Japani Desemba 1994, na Final Fantasy VII ikatoka huko Januari 31, 1997. Ilipofika Kariakoo ilikuta soko tayari lina mazoea ya kila kinachoingia kwa boksi. Mafundi waliweka chipu ili mashine isome CD za kuchoma, na CD hizo zikauzwa kwenye mitaa ile ile ya kanda za muziki na filamu. Karibu yake, kwenye vyumba vya uani na vibaraza vilivyozungushiwa pazia, yakazaliwa mabanda ya gemu.

Banda la gemu lilikuwa biashara, na biashara ina hesabu zake. Mechi ya Winning Eleven ikichukua dakika kumi, saa moja ni mechi sita, na kila mechi ina pedi mbili, yaani malipo ya watu wawili. Tekken 3 ilikuwa fasta zaidi: anayepigwa anaachia pedi, wa nyuma yake anakaa. Sasa Final Fantasy VII inataka saa 40 hivi, mtu mmoja, pedi moja. Ni sawa na mechi 240 za mpira. Mwenye banda gani atakubali dogo mmoja akalie televisheni wiki nzima huku foleni ya washkaji wenye hela mkononi inanung'unika?

Kwa hiyo gemu za stori zilichezwa pembezoni mwa biashara. Asubuhi mapema kabla wateja hawajaja. Usiku banda likishafungwa, na anayecheza ni ndugu wa mwenye nalo. Au nyumbani kwa yule mmoja wa mtaa ambaye mjomba wake alirudi na mashine kutoka Dubai, sebuleni, watu wanane wamekaa chini kwenye mkeka na pedi anayo mmoja.

Hata hapo, kabla hujafika kwenye shimo la ndani ya gemu, kulikuwa na milango ya nje ya kupita.

Mlango wa kwanza ulikuwa CD. Gemu ilikuja kwenye CD tatu, na shimo la mwisho linachezwa kwenye ya tatu. Kopi ya kwanza inaweza kuwa safi, ya pili ikasumbua kidogo, ya tatu ikagoma kabisa, na hilo unaligundua baada ya wiki kadhaa za jasho. Hapo ndipo zilipoingia mbinu zote za mjini: kuifuta CD kwa fulana, kuipaka dawa ya meno, na kuigeuza mashine juu chini ili jicho lililochoka lisome vizuri. Hiyo ya mwisho ilijulikana hadi Ulaya na Marekani.

Mlango wa pili ni memori kadi. Ilikuwa na nafasi 15 tu, na kadi moja ilitumiwa na ukoo mzima. Mtu akitaka kutunza ligi yake ya mpira na nafasi zimejaa, anafuta faili moja asilolijua lina nini. Siku 40 za mwenzake zinaondoka kwa kubonyeza kitufe kimoja. Urafiki ulivunjika kwa mambo kama hayo. Waliojifunza walitembea na kadi yao mfukoni kama funguo za nyumba.

Mlango wa tatu ni umeme. Luku ikiisha katikati ya pambano, imekwisha. Na mgao ulipokuja, kama ule wa mwaka 2006 ukame ulipoyakausha mabwawa, hata mwenye kadi na CD safi alibaki anatazama kioo cheusi. Mchezaji wa Dar alijifunza kusevu mapema na kusevu mara kwa mara, kwa sababu adui wake mkubwa hakuwa ndani ya televisheni.

Wa nne ni lugha. Shule ya msingi ilifundisha kwa Kiswahili, na gemu hii ni maneno matupu ya Kiingereza, ukurasa baada ya ukurasa. Filamu za nje zilikuwa na bahati ya kupata watu wa kuzitafsiri kwa sauti kwenye vibanda vya video. Gemu haikuwa na mtu huyo, hivyo kazi ilimwangukia yeyote chumbani aliyeanza sekondari. Yeye alisoma, akatafsiri, na akikwama aliongeza chumvi. Wengi walijua Phoenix Down inafufua aliyekufa kabla hawajajua maana ya neno lenyewe.

Aliyepita milango yote minne ndiye alisimama kwenye ukingo wa Shimo la Kaskazini.

Mtoto wa Kariakoo hakuhitaji kuelezwa shimo ni nini. Soko kuu lililochorwa na mbunifu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975 lina sehemu ya chini ya ardhi, na watu wote wanaiita hivyo hivyo: shimoni. Unashuka, mwanga unapungua, sauti zinaongezeka, na kama hujui njia utazunguka hadi uombe msaada. Ndani ya gemu, steringi Cloud na wenzake wanashuka kwa miguu kutoka kwenye ndege yao hadi kwenye kiini cha dunia, na sheria ni ile ile: angalia ulikopita.

Njiani huko unaokota kitu kimoja cha thamani kuliko panga lolote: kioo cha kusevu. Ni kimoja, kinatumika mara moja tu, na unachagua mwenyewe pa kukiweka. Ukikiweka juu mno, ukifa chini unarudia kipande kirefu. Ukikipeleka chini mno, unaweza kufa nacho mfukoni. Hapo sebule nzima iligawanyika. Wenye roho ndogo walitaka kiwekwe hapo hapo, umeme hauaminiki. Wenye tamaa walisema tusonge. Mwenye pedi aliamua, na lawama zilikuwa zake.

Mbele kidogo njia inagawanyika, kushoto na kulia, kisha ya kushoto inagawanyika tena, juu na chini. Kikosi nacho kinagawanywa, kila mmoja na njia yake, halafu wote wanakutana chini na kukabidhi walichookota. Mchezaji mzuri alirudi kupitia kila njia kabla ya kushuka mwisho. Waliokuwa na hela ya kafe ya intaneti walichapisha mwongozo kurasa chache, zile za mwisho tu, maana kila ukurasa ulilipiwa. Wengine walichora ramani nyuma ya daftari la hesabu, bila kujua kwamba wachezaji wa Wizardry walifanya hivyo hivyo miaka zaidi ya 15 kabla yao.

Humo shimoni pia kuna kiumbe anayekaa ndani ya chungu, anaitwa Magic Pot. Hapigiki mpaka umpe dawa ya Elixir. Ukimpa, analegea, na ukimuua anakupa pointi nyingi za kukuza uchawi wako. Kiumbe asiyefanya kazi mpaka apewe kitu kidogo! Sebule ya Kariakoo haikuhitaji tafsiri hapo.

Chini kabisa anasubiri Sephiroth, na mapambano yanafuatana bila nafasi ya kusevu katikati. Umbo lake la mwisho lina pigo liitwalo Supernova. Kwenye toleo la Kiingereza pigo hilo linachukua kama dakika mbili kulitazama: kimondo kinapita sayari moja baada ya nyingine, jua linavimba, na namba za damu zinaporomoka hadi karibu na sifuri. Wasiojua waliona mambo yameisha, wengine wakaanza kuinuka. Kumbe pigo lile peke yake haliui. Linakata sehemu kubwa ya damu uliyonayo na kukuachia kidogo. Anayejua hilo anatulia, anatibu kikosi, anarudi kazini. Asiyejua anaachia pedi kwa hofu na kufa kwa pigo dogo linalofuata.

Kisha filamu ya mwisho, majina, kimya. Na kadi haikuandika kitu.

Hapo ndipo wale watu wanane wa kwenye mkeka walipopata kazi yao. Mmoja alisoma Kiingereza. Mwingine alishika ramani. Wa tatu alikimbia kununua Luku. Wadogo walilinda mlango mama asije akazima. Kesho yake mtaa ulipouliza nani kamaliza, jibu lilitoka kwao: "Tulikuwepo." Mwenye pedi alikuwa mmoja, lakini bila wale wengine alikuwa muongo tu mwenye kadi iliyosimama mlangoni.

Leo Final Fantasy VII iko kwenye simu tangu 2015 kwa iPhone na 2016 kwa Android, na simu hizo zinauzwa kwenye mitaa ile ile, Aggrey na majirani zake. Kwenye toleo hilo unaweza kuzima maadui wasikutokee njiani na kujijazia nguvu kwa kugusa kioo. Mtu anaweza kushuka shimo lote akiwa kwenye mwendokasi, kituo cha Msimbazi hadi Kimara, na hakuna abiria atakayeinua kichwa.

Wale wa enzi zile sasa ni watu wazima wenye maduka, watoto na madeni. Kadi zao zilishapotea, na hata zingekuwepo zisingesaidia. Kama unataka kujua nani alifika chini, itabidi umtafute aliyekaa pembeni yake.