Ekari Mbili za Nyasi Marekani: Mambo 7 ya Kupima Kabla ya Kununua Mashine ya Ziro-tani

Kuhamia nyumba yenye ekari mbili nje ya mji huko Marekani ni raha, mpaka majira ya kuchipua yafike. Mvua ikinyesha wiki moja tu, nyasi zinapanda, na ile mashine ya kusukuma kwa mkono iliyotosha kwenye nyumba ya zamani inageuka adhabu. Kuacha zijiotee nayo si dawa. Miji mingi na vyama vya wenye nyumba vina kanuni za urefu wa nyasi, na anayezipuuza anaweza kupigwa faini.

Hapo ndipo wengi, wakiwemo Waafrika Mashariki wanaoishi Texas au Minnesota, huanza kuulizia ziro-tani, ambayo madukani huandikwa zero-turn.

Ni mashine ya kukalia isiyo na usukani. Dereva anashika levo mbili, kila moja ikiendesha gurudumu moja la nyuma. Akisukuma moja mbele na kuvuta nyingine nyuma, mashine inajizungusha palepale iliposimama. Aina hii ilianza kutengenezwa Kansas miaka ya 1960, na sifa yake kubwa ni kuzunguka miti na maua bila kuacha vishungi vya nyasi nyuma.

Lakini si bei chee. Za nyumbani huanzia kama dola 3,000, na za makampuni ya kukata nyasi hupita 10,000. Ukikosea dukani, umeumia mfukoni. Na kuna kosa moja linaloweza kugharimu maisha. Ndiyo maana kazi huanza uwanjani kwa kupima, kabla ya kutazama mashine yoyote.

1. Mteremko kwanza

Kwenye ziro-tani nyingi, magurudumu madogo ya mbele hayaongozi kitu. Yanafuata tu, kama ya troli ya supamaketi. Kugeuka na kusimama vyote vinategemea magurudumu mawili ya nyuma. Yakiteleza kwenye nyasi zenye umande, dereva anapoteza breki na uelekeo kwa mpigo. Mashine inaweza kushuka yenyewe hadi kwenye bwawa au mtaro, au kumpindukia.

Watengenezaji wengi huandika kikomo cha nyuzi 15, na baadhi huweka chini ya hapo. Kupima si kazi ngumu. Laza ubao mnyoofu kwenye mteremko, weka simu juu yake, fungua programu ya kupimia usawa, kisha usome nyuzi. Asiye na programu achukue ubao wa mita 2, aegemeze ncha moja kwenye mteremko na kuushika ubao ukiwa sawasawa. Pengo chini ya ncha ya pili likifika sentimita 54, hizo ni nyuzi 15.

Sehemu inayozidi hapo isikatwe kwa ziro-tani, hata kama muuzaji anasema ‘haina shida’. Ipandwe mimea inayotambaa, au ikatwe kwa mashine ya kusukuma, ukitembea kwa kukingama na mteremko. Kama nusu ya uwanja ni mlima, basi ziro-tani ya kawaida si mashine ya uwanja huo.

Mashine yenye chuma cha ulinzi nyuma ya kiti ni bora zaidi. Chuma kikiwa kimesimama, mkanda wa kiti ufungwe. Kikiwa kimelazwa, mkanda usifungwe, maana utamshikilia dereva chini ya mashine ikipinduka.

2. Geti, miti na banda

Deki ni lile boksi la chuma linalofunika visu. Namba inayotangazwa, mfano inchi 42 au 54, ni upana wa kukata. Mashine yenyewe ni pana kuliko hapo, kwa sababu mdomo wa kutolea nyasi hutokeza pembeni.

Hapa wengi hukosea. Wananunua ya inchi 54, inafika nyumbani, na geti la uwani halipitishi. Chukua futi kamba, upime geti, mlango wa banda na nafasi nyembamba kuliko zote kati ya miti. Halafu dukani uliza upana wa mashine nzima, mdomo ukiwa umeshushwa.

3. Hesabu ya muda

Kuna hesabu rahisi ya kukadiria. Zidisha mwendo wa maili kwa saa kwa upana wa deki kwa inchi, kisha gawanya kwa 120. Jibu ni ekari kwa saa, muda wa kugeuka ukiwa umehesabiwa ndani.

Kwa mwendo wa maili 5, deki ya inchi 42 inakata ekari 1.75 kwa saa. Ya inchi 54 inakata 2.25. Kwa ekari mbili, ya kwanza inachukua kama dakika 69 na ya pili kama dakika 53. Tofauti ni dakika 16. Mashine ya kusukuma ya inchi 21, kwa mwendo wa maili 3, ingechukua karibu saa nne.

Kwa hiyo faida kubwa ni kutoka kwenye kusukuma kwenda kwenye kukalia. Kuongeza inchi 12 za deki ni faida ndogo, na deki pana ina tatizo lake: kwenye ardhi yenye mabonde hukwangua vilima na kuacha udongo wazi.

4. Chuma na pampu

Deki za bei nafuu hutengenezwa kwa bati moja lililogandamizwa. Za bei ya juu huundwa kwa vipande vya chuma kizito vilivyochomelewa. Unene husomwa kwa geji, kama mabati ya nyumba: namba ikipungua, chuma kinaongezeka unene. Geji 10 ni kama milimita 3.4, geji 12 ni kama 2.7. Uwanja wenye mawe na mizizi unahitaji kile kinene.

Kila gurudumu la nyuma linaendeshwa na pampu ya haidroliki. Kwenye mashine nyingi za bei ya chini, pampu imefungwa moja kwa moja na haikusudiwi kubadilishwa oili. Za juu zaidi zina filta na oili ya kubadilisha. Swali la kumuuliza muuzaji ni moja: oili ya pampu hizi inabadilishwa?

Si kila mtu anahitaji ya makampuni. Anayekata mara 30 kwa mwaka, saa moja kila mara, ametumia saa 150 kwa miaka mitano. Kampuni inaweza kufikisha saa hizo ndani ya mwezi mmoja. Kwa uwanja tambarare, mashine nzuri ya nyumbani inatosha kabisa.

5. Petroli au betri

Ya petroli inajazwa na kuendelea na kazi, na mafundi wake ni wengi. Ila ina masharti. Injini hizi zinaruhusiwa petroli yenye ethanoli isiyozidi asilimia 10, kwa hiyo pampu iliyoandikwa E15 ipitwe. Petroli iliyokaa miezi ya baridi ndani ya tangi huziba kabureta. Kabla ya msimu kuisha, weka dawa ya kuhifadhi mafuta au ufuate utaratibu wa kitabu.

Ya betri haina oili ya injini wala plagi, na kelele zake ni ndogo. Bei yake ya kununulia kwa kawaida iko juu, na nyasi ndefu au mbichi hula chaji haraka. Usiamini tu ekari zilizoandikwa kwenye tangazo. Chagua yenye akiba ya kutosha juu ya eneo lako.

6. Fundi na vipuri

Maduka makubwa mara nyingi huuza kwa bei nzuri, lakini si yote yenye fundi. Wakala mdogo wa mtaani anaweza kuuza ghali kidogo, ila mkanda ukikatika mwezi wa sita unajua pa kwenda. Uliza mambo matatu: nani anatengeneza, anasubiriwa siku ngapi, na nani anabeba mashine kuipeleka.

Waranti nayo isomwe mpaka mwisho. Nyingi huhesabu miaka au saa za kazi, kinachotangulia ndicho kinachoifunga. Akianza kukatia majirani kwa malipo, waranti ya nyumbani inaweza kufa hapohapo.

Wapo wanaotaka kuipakia kwenye kontena kwenda Nairobi au Dar es Salaam. Hao waweke na visu, mikanda na filta za akiba, na waulize ushuru kabla ya kupakia.

7. Watoto wakae ndani

Ncha ya kisu inaweza kukimbia kwa zaidi ya kilomita 300 kwa saa. Jiwe dogo likirushwa kwa mwendo huo linaweza kujeruhi vibaya. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kinashauri mtu asiyefika miaka 16 asiendeshe mashine ya kukalia, na mtoto asipakatwe juu yake hata kwa mchezo. Watoto wadogo wawe ndani ya nyumba mashine inapofanya kazi. Kurudi nyuma ndiko kwenye hatari zaidi: angalia chini na nyuma kabla ya kuvuta levo.

Siku ya kwenda dukani

Mnunuzi aliyejiandaa anaingia na karatasi yenye namba nne: nyuzi za mteremko mkali kuliko yote, upana wa geti, ukubwa wa eneo la nyasi lenyewe bila nyumba na barabara, na saa anazoweza kutenga kwa wiki. Namba ya kwanza ndiyo yenye kura ya turufu. Ikizidi kikomo cha mashine, punguzo la bei lisimshawishi mtu.

Kisha aombe kuijaribu. Akalie kiti, aone kama levo zinamfika bila kuinama, aizungushe taratibu kwenye eneo tambarare. Siku ya kwanza nyumbani apime upepo wa matairi, maana upande mmoja ukipungua nyasi zinakatwa upogo. Na aanze katikati ya uwanja, mbali na ukuta, miti na bwawa, mpaka mikono izoee.