Benchi la wamama wazee: historia fupi ya dawa iliyokosa chumba

Wenzangu, kuna ugonjwa ambao kwetu hauna jina la hospitali. Mzee anaacha kula vizuri, usingizi unakatika saa nane za usiku, mchana anakaa mlangoni bila kusema. Tunasema tu: "Ana mawazo." Wengine wanasema ni uzee. Wengine wanaanza kumtafuta mlozi katika familia. Waganga wa hospitali wao wanasema inaweza kuwa depresio, ni kusema huzuni nzito inayokaa majuma na majuma, na kwamba inatibika, hata mtu akiwa na miaka 75. Sasa swali: nani atamtibu? Waganga wa magonjwa ya akili ni wachache sana katika inchi yetu, na wengi wanafanya kazi mijini.

Swali hilo inchi zingine zilijiuliza mbele yetu. Historia ya jibu lao ni fupi, haifiki hata miaka 25, na inatuhusu.

Tuanzie Zimbabwe, mwaka 2005. Mwezi wa tano serikali ilianza operesheni iliyoitwa Murambatsvina, ya kubomoa nyumba na vibanda vya biashara mijini. Umoja wa Mataifa ulihesabu watu karibu 700,000 waliopoteza nyumba, kazi, ao vyote viwili. Mwaka ule ule Dixon Chibanda, munganga wa magonjwa ya akili, alipoteza mgonjwa wake, dada kijana aliyejiua. Familia ilijua kwamba ni lazima kumrudisha hospitali. Ilikosa dola 15 za nauli ya basi.

Kutoka hapo Chibanda alielewa kwamba kumngojea mgonjwa hospitali haitoshi. Alitaka kufungua huduma katika Mbare, mtaa wa watu maskini wa Harare. Akaomba wauguzi: wote wana kazi zao. Akaomba chumba: hakuna. Alichopewa ni wamama wazee 14 waliozoea kusaidia kazi ya afya katika mtaa, pamoja na nafasi ya nje, kwenye uwanja wa kituo cha afya. Wakaweka benchi pale. Njo mwanzo wa kazi ile, kati ya 2006 na 2007.

Munganga alitaka kuiita benchi la afya ya akili. Wale wamama wakakataa. Walimwambia kwamba hakuna mtu atakayekaa pale mchana kweupe, majirani wakiangalia, juu kila mmoja ataogopa kuitwa mwenda wazimu. Jina likageuka, likawa benchi la urafiki. Hata ugonjwa wenyewe waliutaja kwa neno la Kishona: kufungisisa, maana yake kuwaza kupita kiasi. Angalieni vile iko karibu na yetu. Kwetu "kufunga" ni kufunga mlango. Kwa Kishona ni kuwaza. Na hatua ya kwanza ya matibabu wanaiita kuvhura pfungwa, kufungua akili. Sisi tunaosema "ana mawazo" hatuhitaji mkalimani ili kuelewa.

Kazi yenyewe haina uchawi. Mgonjwa anaulizwa maswali 14 yaliyotengenezwa Harare kwenyewe, kwa maneno ya watu wa pale. Kisha anakaa na mama mzee, anaeleza shida zake zote, anachagua moja tu. Wanatafuta pamoja hatua ndogo anayoweza kufanya juma lile. Anaenda, anarudi kueleza vile ilikwenda. Vikao ni kama sita. Baadaye anakaribishwa katika kikundi cha waliopita njia ile ile, ambapo watu wanaongea huku wakisuka mifuko. Na mtu akionyesha dalili za kutaka kujiua, anatumwa kwa wauguzi na waganga.

Ilichukua miaka kumi kupata uhakika. Mwezi wa 12, 2016, matokeo ya utafiti yalitolewa: wagonjwa 573, vituo 24 vya afya vya Harare. Kisha miezi sita, wale waliopewa huduma ya kawaida, karibu nusu walikuwa bado na dalili za depresio. Wale waliokaa kwenye benchi, walikuwa karibu 14 kwa 100.

Hapa lakini tusome vizuri, sawa watu waliofika iniversite. Katika utafiti ule, umri wa kati wa wagonjwa ulikuwa miaka 33, na wengi walikuwa wanawake. Mzee alikuwa mganga, hakuwa mgonjwa. Kwa hiyo hatuwezi kuchukua hesabu ya Harare na kusema: wazee watapona hivyo hivyo. Kwa wazee wenyewe lazima tutafute kwingine.

Kuna Goa, India. Pale watu 181 wenye miaka 60 na zaidi, walioanza kuonyesha dalili ndogo, walifuatwa mwaka mzima. Washauri wao hawakuwa waganga, walikuwa raia waliofundishwa. Walizungumza nao juu ya shida zao, usingizi wao, magonjwa yao kama sukari, na tena waliwasaidia kupata msaada wa serikali uliowahusu. Matokeo yalitoka 2019: walioingia katika depresio kamili walikuwa wanne kwa 100, wakati upande usiopewa msaada ule walikuwa 14 kwa 100. Na kuna Guarulhos, karibu na São Paulo, Brazil. Pale wazee 715 waliokuwa na depresio tayari waligawanywa makundi mawili. Kundi moja wahudumu wa afya wa mtaa waliwafuata nyumbani kwa majuma 17. Kisha miezi minane, zaidi ya 62 kwa 100 kati yao walikuwa wamepona. Kundi lingine walikuwa 44.

Mimi ninachoona katika sehemu hizo tatu ni kwamba huzuni ya mtu haikutengwa na maisha yake. Nauli, usingizi, pensheni, upweke: vyote viliwekwa mezani. Na sisi tunajua maana yake. Mwaka 2003, kwa pesa ya Benki ya Dunia, Gécamines iliachisha kazi wafanyakazi zaidi ya 10,000, mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Kampuni ile ilikuwa mshahara, na tena shule ya watoto, hospitali, na heshima ya baba nyumbani. Waliobaki hai leo Likasi, Kolwezi na Lubumbashi ni wazee. Mzee wa namna ile ukimwambia "usiwaze sana, omba Mungu", umemwacha palepale. Maombi yanaweza kumtuliza, lakini faili yake ya pensheni inabaki palepale bila mtu wa kuifuata.

Kwa hiyo, sisi wenye diploma, tufanye nini? Historia hii inatuonya kwanza juu ya kiburi. Kama Chibanda angekataa kubadilisha jina, benchi lingebaki tupu. Kambo ao koko wa kartie yako anajua neno ambalo watu hawataogopa, na anajua nyumba gani imenyamaza. Lakini anahitaji mafunzo, anahitaji mtu wa kumsimamia, na anahitaji mahali pa kumtuma mgonjwa akizidiwa. Bukavu kuna Sosame, Goma kuna Tulizo Letu. Bila mlango wa nyuma kama huo, benchi linaweza kuwa hatari, juu kumsikiliza mtu anayetaka kufa bila kujua pa kumpeleka ni kumwacha peke yake mara ya pili.

Tena tusisahau: mzee anaumia zaidi akiona hana kazi tena duniani. Wale wamama 14 walipewa kazi yenye uzito, na mji ukawategemea. Mkianzisha mradi kwa ajili ya wazee wa mtaa wenu, kabla ya kuandika orodha ya watakaosaidiwa, andikeni orodha ya wazee watakaosaidia. Majina mengine mtayakuta kwenye karatasi zote mbili.