Vibonyezo Vyeusi Kwanza

Mtoto wa Kakola akikaa mbele ya kinanda kwa mara ya kwanza, namwambia aviache vyeupe. Aanze na vibonyezo vyeusi. Katika kila oktava viko vitano, na sauti zake ni zile zile zinazobeba nyimbo nyingi za Kisukuma: do, re, mi, so, la. Haipiti nusu saa, amekwisha kuutafuta wimbo wa kulimia aliousikia kwa bibi yake, na ameupata.

Fa na ti, ambazo hazimo katika hizo tano, ni kama wageni katika nyimbo hizo za Usukumani. Zilienea na wamisionari. White Fathers walifungua misheni ya Bukumbi mwaka 1883, na Africa Inland Mission wakashika Nassa mwaka 1909. Wakatoliki walileta nyimbo za Kilatini. Waprotestanti walileta tenzi za sauti nne, na pamoja nazo solfa, zile herufi d, r, m ambazo John Curwen alizieneza Uingereza katika karne ya 19. Solfa haidai chombo; ubao na chaki vinatosha. Ndiyo maana wazee walionifundisha kwaya waliweza kusoma sauti nne bila kosa, lakini vidole vyao havikuwahi kugusa kinanda.

Padre David Clement, Mkanada ambaye Wasukuma walimpa jina la Fumbuka, alipita njia nyingine. Pale Bujora, karibu na Mwanza, katika miaka ya 1950 aliingiza ngoma na alama za utemi kanisani, kabla Mtaguso wa Pili wa Vatikano haujafungua mlango huo kwa Kanisa zima Desemba 1963. Mimi namhesabu kuwa mwalimu mkubwa wa muziki, kwa sababu alianzia kwenye sikio la watu aliowakuta.

Huku kwetu Kakola, Bulyanhulu, tuliletwa na dhahabu. Wachimbaji wadogo walimiminika tangu miaka ya 1970, wakaondolewa Agosti 1996, kisha mgodi mkubwa wa chini ya ardhi ukaanza uzalishaji mwaka 2001. Msumbwa, Msukuma, Muha, Mhaya na Mkurya wakajikuta kwenye benchi moja la kwaya. Vinanda vya umeme navyo vikafika, vile vya vibonyezo 61, vikiwa na kitufe cha kupandisha na kushusha ufunguo. Kitufe hicho kimetuumiza. Kijana anajifunza ufunguo wa C peke yake, kwaya ikitaka kupanda yeye anabonyeza tu, na anazeeka hajui ngazi ya pili.

Ngazi ni kazi ya kidole gumba. Mkono wa kulia ukipanda C, gumba hupita chini ya kidole cha tatu, bila kiwiko kuruka. Hata Ulaya jambo hili halikuwa la zamani sana: Carl Philipp Emanuel Bach aliandika mwaka 1753 kwamba baba yake, katika ujana wake, aliwasikia mabingwa wasiotumia gumba ila pale mkono ulipolazimika kutanuka sana. Na Chopin, alipokuwa akifundisha Paris, aliwaanzisha wanafunzi na ngazi ya B, ambamo vidole virefu hukaa juu ya vyeusi vyote vitano na gumba huangukia vyeupe viwili tu. C aliiweka mwisho, kwa kuwa ni nyepesi kuisoma ila ngumu kwa mkono. Nami ndivyo ninavyofanya: vyeusi vitano, halafu B, halafu nyingine.

Kodi, yaani sauti tatu zinazopigwa pamoja, zinafuata: do-mi-so, fa-la-do, so-ti-re. Hizi tatu zinabeba sehemu kubwa ya nyimbo za ibada. Mkono mmoja kwanza, polepole, mwenzake akipiga makofi ya mizani. Wapo wanaosema kurudiarudia kunaua kipaji cha mtoto. Sikubali. Wacheza bugobogobo, ngoma ya majembe ya Wasukuma, hurudia pigo moja la jembe na ngoma mpaka mwili uzoee, na hakuna aliyewahi kusema hawana kipaji.

Nawaomba viongozi wa kwaya wa Kakola, Bugarama na Lunguya: mkinunua kinanda, mpeni mtoto mwaka mzima wa ngazi na kodi kabla ya kumkabidhi ibada ya Jumapili, na katika mwaka huo kitufe kile kisiguswe.