Maskini Huyu ni wa Nani? Jinsi Sadaka ya Uingereza Ilivyogeuka Kodi

Mwaka 1552, katika enzi ya Mfalme Edward wa Sita, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya maskini ambayo mtu akiisoma leo aona imekaribia mahubiri kuliko amri. Iliagiza kwamba kila parokia iteue wakusanyaji wawili kila mwaka, nao wamwendee kila mwenye uwezo na kumwomba kwa upole aseme atatoa kiasi gani kwa juma. Akikataa, padri wake amsihi. Akizidi kushikilia kukataa, askofu mwenyewe amwite na kumvuta kwa maneno ya huruma. Hapo sheria ikakoma. Haikutaja faini wala kifungo, kwa kuwa walioitunga waliamini bado kwamba sadaka isiyotoka moyoni si sadaka, na kwamba Mkristo aliyekwisha kuitwa na askofu hatakuwa na uso wa kusema hapana.

Kumbe wenye uso huo walikuwa wengi. Mwaka 1563 Bunge lilirudia maneno yale yale ya upole, ila mwishoni likaongeza kifungu: mkaidi aliyemshinda askofu apelekwe mbele ya mahakimu, nao pia wamsihi kwanza, na akizidi ukaidi wamkadirie wenyewe kiasi cha kutoa, asipotoa atiwe gerezani. Ilipofika 1572 kusihi kulikuwa kumekwisha, na kukadiria ndiko kukawa mwanzo wa jambo. Ni nadra kuona katika vitabu vya sheria matumaini ya wakubwa juu ya ihsani ya raia wao yakipungua waziwazi namna hii, kutoka ombi hadi pingu, katika muda wa miaka 20 tu.

Zamani mzigo huo ulikuwa wa watawa. Mwenye njaa alikwenda langoni mwa monasteri akapewa mkate na mabaki ya meza, na mgonjwa akalazwa katika nyumba zilizojengwa kwa wakfu wa matajiri waliotaka kuombewa dua wakisha kufa. Hatuna haja ya kuzisifu mno nyumba hizo, kwani nyingi zilipokea zaidi ya zilivyotoa. Lakini Mfalme Henry wa Nane alipozifunga zote, takriban 800, kati ya 1536 na 1540, akatwaa mashamba yake na kuyauza, lango lile lilifungwa na hapakuwapo lingine. Wakati huo huo bei za vyakula zilikuwa zikipanda, na wenye ardhi wakizungushia ua malisho ya wote ili wafuge kondoo, hata njia zikajaa watu wasio na kwao. Jawabu la kwanza la serikali lilikuwa mjeledi. Sheria ya 1547 ilithubutu kuamuru kwamba mzururaji apigwe chapa ya V kifuani kwa chuma cha moto, awe mtumwa kwa miaka miwili. Ukali wake ulikuwa wa kupita kiasi, haikutekelezeka, ikafutwa mwaka 1550.

Mavuno yalipoharibika miaka minne mfululizo, tangu 1594 hadi 1597, Bunge la Malkia Elizabeth lilizikusanya amri zote zilizotawanyika na kuzifanya sheria moja, iliyopitishwa 1598 na kutiwa sura yake ya kudumu mwaka 1601. Inafaa kuitazama kwa karibu, maana ilitawala zaidi ya miaka 200. Kila juma la Pasaka mahakimu waliwateua watu wenye mali, wawili hadi wanne katika kila parokia, wawe wasimamizi wa maskini pamoja na wazee wa kanisa. Walitakiwa kukutana angalau mara moja kwa mwezi, ndani ya kanisa, Jumapili alasiri baada ya ibada, wakapige hesabu zao: mjane fulani apewe nini, yatima yule apelekwe kwa fundi gani, na katani, sufu na chuma zinunuliwe kiasi gani ili wenye nguvu wapate kazi ya kufanya. Fedha zilitozwa kwa kila mwenye ardhi au nyumba, na asiyelipa vyombo vyake vilikamatwa na kuuzwa. Wala jamaa hawakusahauliwa. Baba, mama, babu, bibi na watoto wa fukara, wakiwa na uwezo, walilazimishwa kumlisha.

Msomaji wa Pwani hataona ajabu katika wazo la fungu la maskini lililo faradhi juu ya mali, kwani zaka na sadaka tumezitofautisha tangu utotoni. Lakini zaka ni ibada, na fukara huistahiki kwa ufukara wake. Kodi ya Waingereza ilikuwa deni la parokia, na parokia ina mipaka. Hapo ndipo yalipozaliwa mashaka yote yaliyofuata. Mtawa wa langoni aliuliza kama mtu ana njaa. Msimamizi aliuliza kwanza amezaliwa wapi.

Kwa sheria ya 1662 mgeni aliyepanga mahali pa chini ya pauni 10 kwa mwaka aliweza, ndani ya siku 40, kurudishwa alikotoka hata kabla hajaomba chochote, kwa kuwa tu alielekea kuwa mtu atakayeomba. Walioteswa zaidi ni waja wazito wasio na waume, maana mtoto wa nje ya ndoa alihesabiwa wa parokia alimozaliwa. Basi wasimamizi, watu wa ibada na heshima, waliharakisha kuwavusha mpaka kabla uchungu haujawashika. Mwaka 1697 ikaongezwa fedheha ya vazi: kila aliyepokea msaada, na mkewe na watoto wake, ashonewe kwenye bega la kulia herufi P ya kitambaa chekundu au cha buluu, pamoja na herufi ya kwanza ya jina la parokia yake.

Juu ya hayo, sheria ya 1601 iliokoa roho nyingi, na wanahistoria wengi huihesabu miongoni mwa sababu za Uingereza kuepukana na vifo vya njaa vya halaiki mapema kuliko majirani zake. La kustaajabisha ni kwamba katika walioipinga kwa nguvu walikuwamo makasisi. Thomas Malthus, kasisi wa Anglikana, aliandika mwaka 1798 kwamba msaada huo huwazidisha maskini badala ya kuwapunguza, na tume ya 1832 iliyoichunguza iliongozwa na Charles James Blomfield, Askofu wa London. Tunda lake ni sheria ya 1834. Parokia zipatazo 15,000 zikaunganishwa katika vyama karibu 600, navyo vikatakiwa kuwa na nyumba za kazi, ambamo maisha yalifanywa kwa makusudi kuwa mabaya kuliko ya kibarua wa chini kabisa aliye nje. Mume alitengwa na mkewe, na watoto na wazazi wao. Katika nyumba ya kazi ya Andover wakazi walipewa mifupa waiponde iwe mbolea, na mwaka 1845 ikafichuka kwamba kwa njaa walikuwa wakiigombania, wanyonye uboho na kuguguna nyama iliyosalia. Bunge likachunguza, halmashauri kuu ya nyumba hizo ikavunjwa mwaka 1847, nyumba zenyewe zikabaki.

William Booth wa Jeshi la Wokovu alipotoa kitabu chake juu ya maskini wa Uingereza mwaka 1890, jina lake alilifuatisha kwa makusudi la kitabu cha msafiri Stanley juu ya Afrika kilichotoka mwaka huo huo, akiwataka waliostaajabia giza la misitu ya Kongo watazame giza la mashariki ya London. Serikali nayo ikaanza kusogea. Tangu 1 Januari 1909 mzee wa miaka 70 mwenye kipato haba alipewa hadi shilingi 5 kwa juma, na kwa maoni yangu busara kubwa ya sheria hiyo ilikuwa mahali pa kuzipokea: posta, dirishani, kama mtu anunuaye stempu, si mbele ya wasimamizi.

Tarehe 5 Julai 1948 sheria ya maskini ilifutwa. Siku hiyo ilikoma pia amri iliyomlazimisha mtoto kumlisha mzazi wake fukara, jambo ambalo, ukiuliza baraza lolote la wazee wetu, lingezua mjadala mrefu kuliko kufutwa kwa kodi. Nyumba nyingi za kazi zilikabidhiwa idara mpya ya afya zikapakwa rangi na kuitwa hospitali. Na kwa miaka mingi baadaye walikuwapo wazee waliokataa katakata kulazwa humo, kwa kuwa walilijua jina la zamani la jengo.