Kumtembeza Mtoto Mdogo bila Gharama Kubwa: Mwongozo kwa Familia za Unguja na Pemba

Bismillahir Rahmanir Rahim

Kila sifa njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake. Ama baad:

Wazee wengi visiwani kwetu wanaona kumtembeza mtoto ni jambo la Idi mbili tu, tena linalotaka mfuko mzito. Matokeo yake, mwaka mzima mtoto hutoka nyumbani kwenda skuli na chuoni, na akirudi hupewa simu ili anyamaze. Ikifika sikukuu baba hukopa ili watoto wapande bembea, kisha mambo hurudi kama yalivyokuwa. Mtoto hukua akimjua baba yake kama mtu wa kuleta pesa ya mkate, si mtu wa kushikana naye mkono njiani.

Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba mtoto wa miaka miwili hadi sita anahitaji wakati wa wazee wake kuliko pesa zao, na kwamba zipo sehemu nyingi za kwenda kwa miguu au kwa nauli ya daladala. Tutataja pia mipaka ya sheria na tahadhari ambazo hazifai kupuuzwa.

Mtume (S.A.W.) na watoto

Baadhi ya watu hudhani kucheza na mtoto ni upuuzi usiomfaa mtu mzima mwenye heshima zake. Sira inasema kinyume chake. Katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) alikuwa akimtania Abu Umayr, ndugu mdogo wa Anas bin Malik (R.A.), kwa kumuuliza habari za kijidege chake. Alisali huku amembeba mjukuu wake Umama. Al-Aqra bin Habis alipojisifu kuwa ana watoto kumi na hajapata kumbusu hata mmoja, Mtume (S.A.W.) alimjulisha kuwa asiyerehemu naye hatarehemewa.

Siku ya Idi Wahabeshi walipocheza kwa mikuki yao msikitini, alimsitiri Bibi Aisha (R.A.) ili atazame, na hakuondoka mpaka Bibi Aisha mwenyewe aliporidhika. Hapa pana funzo kubwa kwa wazee wa leo: hakumharakisha. Mara ngapi tunampeleka mtoto mahali, na baada ya dakika kumi tunamvuta mkono turudi?

Amepokea Muslim kuwa katika mali anayotoa mtu, yenye ujira mkubwa zaidi ni ile anayotumia kwa watu wa nyumbani kwake. Basi hata nauli ya kumpeleka mtoto pwani ina malipo kwa Allah, ikiwa niya ni njema.

Kabla ya kutoka

*Wakati.* Zilizo bora ni nyakati mbili: asubuhi mapema kabla jua halijawa kali, au baada ya sala ya Alasiri. Katika hadithi ya Jabir (R.A.) iliyomo katika Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) ameamrisha watoto wazuiliwe majumbani usiku unapoingia, kwa kuwa huo ni wakati wa mashetani kuenea, na saa ya usiku ikishapita hakuna ubaya kuwaachia. Kwa hiyo anayetoka Alasiri apange kurudi kabla ya Maghribi, au awe amekaa na mwanawe ndani au msikitini mpaka wakati huo upite.

*Chakula.* Kinachomaliza pesa ni vitu vya kununua njiani zaidi ya nauli. Chukueni chakula cha nyumbani: mihogo ya kuchemsha, chapati, ndizi, machungwa yaliyomenywa, na maji ya kutosha. Mtoto aliyeshiba halilii kila anachokiona.

*Vitu vya lazima.* Nguo moja ya kubadilisha, kofia, mkeka au kanga safi ya kukalia na kusalia, na mfuko wa kurudishia taka nyumbani. Kuondosha udhia njiani ni katika matawi ya imani, na mtoto hujifunza hilo akimuona mzee wake anaokota.

*Dua.* Mfundisheni dua ya kutoka nyumbani na ya kupanda chombo hapo hapo mlangoni na ndani ya gari. Dua inayosomwa mahali pake hukaa kichwani upesi kuliko ya kukaririshwa.

Mjini Unguja

Bustani ya Forodhani, iliyofanyiwa matengenezo makubwa na kufunguliwa tena mwaka 2009, haina kiingilio. Nendeni asubuhi au Alasiri, wakati mtoto anaweza kukimbia kwenye majani na kutazama boti za Dar es Salaam zikiingia na kutoka. Usiku ni wakati wa biashara ya chakula, pana msongamano, na ndipo pesa zinapokwisha. Ukuta wa bahari pale uko wazi na vijana hupenda kuruka majini, hivyo mtoto mdogo asiachwe mkono.

Asubuhi nyingine mpelekeni Malindi akaone samaki wanavyoshushwa na kunadiwa. Atamuona jodari, pweza na taa kwa macho yake, na ataona riziki inavyopatikana kwa jasho. Viwanja vya Mnazi Mmoja vinatosha kwa mpira na kurusha tiara. Na kiwanja cha kufurahishia watoto cha Kariakoo, ambacho kina malipo, kinaweza kuwa cha siku maalumu badala ya kila wiki.

Pwani, na hesabu ya mwezi

Bahari ndiyo matembezi rahisi kuliko yote, na ndiyo yenye hatari kuliko yote. Aliyezoea kuhesabu mwezi wa Kiislamu tayari ana kipimo cha maji mkononi. Siku za mwanzo wa mwezi, na tena baada ya mwezi kuwa mpevu, kiasi cha tarehe 15 hadi 17, huwa ni bamvua: maji hupwa mbali na hujaa sana. Karibu ya tarehe 8 na 22 huwa maji mafu, yaani tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo.

Kwa Unguja, siku za bamvua maji huwa yamekupwa kabisa asubuhi kiasi cha saa 4 hadi saa 5, na hujaa alasiri kiasi cha saa 10. Kila siku inayofuata nyakati hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Mkiwa na mtoto mdogo, asubuhi ya bamvua ni nzuri kwa pwani za mashariki kama Chwaka, Paje na Jambiani, ambako ufuko hubaki wazi na mtoto huona kaa, makombe na mashamba ya mwani. Mvisheni viatu, kwani chini pana mawe makali na wanyama wenye miiba.

Tahadhari ni tatu. Kwanza, maji yakianza kujaa, rudini hapo hapo. Katika pwani hizo maji huweza kupita kwenye mikondo nyuma yenu, mkajikuta mmesimama juu ya fungu huku njia ya kurudi imeshajaa. Pili, mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele. Maji ya magotini mwa mtu mzima yanatosha kumuua, kwa hiyo awe karibu kiasi cha kumfikia kwa mkono. Tatu, mtu mzima mmoja apewe kazi ya kumwangalia mtoto peke yake, bila simu. Watu wanapokuwa wengi kila mmoja hudhani mwenzake anaangalia, na misiba ndivyo inavyotokea.

Ama sitara, chagueni sehemu zilizo mbali na mahoteli, na mtangulize siku za kazi pale inapowezekana. Pwani za vijiji huwa tulivu, na wenyeji huheshimu familia iliyojistiri na iliyotoa salamu.

Shamba, msitu na athari za waliotangulia

Msitu wa Jozani uko kiasi cha kilomita 35 kutoka mjini, na gari za Makunduchi na za Jambiani hupita hapo. Kiingilio cha mwenyeji ni kidogo kuliko cha mgeni. Ndani yumo kima punju, ambaye asili yake ni kisiwa cha Unguja tu, na ipo njia ya mbao ya kupita katikati ya mikoko. Msiwalishe kima wala kuwakaribia sana. Mwambieni mtoto kuwa Allah amemuumba mnyama huyu na akakifanya kisiwa chetu kuwa makazi yake. Hilo ni somo la tauhidi lisilohitaji ubao.

Kizimkazi Dimbani upo msikiti wenye maandishi ya kikufi yanayotaja mwaka 500 Hijria, sawa na 1107 Miladia. Salini Adhuhuri hapo pamoja na watoto. Mtoto wa miaka mitano hataelewa hesabu ya miaka 900, lakini ataelewa akiambiwa kuwa babu wa babu zake walisujudu mahali hapa. Kidichi nako ipo hamamu iliyojengwa na Seyyid Said mwaka 1850, katikati ya mashamba ya viungo.

Kwa wenye jamaa shamba, hakuna matembezi yanayoshinda haya: kumpeleka mtoto kwa bibi yake, akachuma matunda na akalisha kuku. Hapo mmeunga udugu, mmemfurahisha mzee, na mtoto amecheza, yote kwa nauli moja.

Kisiwani Pemba

Kidike, kati ya Chake Chake na Mkoani, wapo popo wakubwa wa Pemba ambao hawapatikani kwengine duniani, wakining'inia mitini mchana. Kaskazini upo msitu wa Ngezi, na mbele yake pwani ya Vumawimbi. Pujini yapo magofu ya Mkama Ndume, mtawala ambaye simulizi zinamtaja kuwa aliwatesa watu kwa kuwabebesha mawe huku wakijiburura kwa makalio. Ni mahali pazuri pa kumfundisha mtoto ubaya wa dhulma, kwani leo pamebaki kuta zilizobomoka tu. Kwa wanaoishi Chake, kiwanja cha watoto cha Tibirinzi kiko karibu. Na msimu wa karafuu, mtoto anaweza kuokota zilizoanguka na kusaidia kuzianika, lakini asipandishwe mkarafuu.

Siku isiyo na hata nauli

Zipo siku mfuko umekauka kabisa. Siku hizo mchukueni mtoto kwa miguu kwenda kumkagua mgonjwa mtaani, naye abebe mwenyewe ndizi mbili za kumpa. Mtengenezeeni tiara kwa njiti za makuti na karatasi. Pandeni mbegu ya mbaazi uwani, awe anaimwagia maji kila siku. Baada ya Isha pandeni darini au kaeni barazani mtazame mwezi na nyota. Robo saa ya baba aliyeweka simu kando ina uzito kwa mtoto kuliko toi la bei.

Masuala na majibu

*Suala: Je, kutumia pesa kwa matembezi ni israfu?*
Jibu: Allah (S.W.) katika Suratul Furqan, aya ya 67, amewasifu waja wake kuwa wanapotoa hawafuji wala hawafanyi ubakhili, bali wako kati na kati. Kumfurahisha mtoto kwa halali na kwa kiasi si israfu. Linalokatazwa ni kujionyesha, na halifai jambo la kukopa kwa ajili ya starehe wakati nyumba ina deni na mahitaji ya lazima.

*Suala: Tukienda Nungwi au Makunduchi kutoka mjini, tupunguze sala?*
Jibu: Kwa madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo ya watu wengi wa visiwa hivi, masafa ya kupunguza na kukusanya sala ni marhala mbili, yanayokadiriwa kuwa zaidi ya kilomita 80. Nungwi ni kiasi cha kilomita 60 tu. Kwa hiyo salini kamili na kwa wakati wake. Misikiti haiko mbali popote kisiwani.

*Suala: Kwenye viwanja vya sikukuu mtoto hulipa akatupa pete ili apate soda. Inafaa?*
Jibu: Ikiwa analipa, na huenda akapata kitu au akakosa, hiyo ni kamari, hata kama kiasi ni kidogo na mchezaji ni mtoto. Haifai mzee kumpa pesa ya hilo. Kulipia bembea ni jambo jengine: hapo amelipia huduma na ameipata.

*Suala: Mtoto amenikojolea njiani na sala imefika.*
Jibu: Akiwa ni mtoto wa kiume ambaye hajatimiza miaka miwili na hajala chakula zaidi ya maziwa, inatosha kunyunyizia maji mahali pote palipoingia mkojo, baada ya kuuondoa wenyewe. Akiwa ni wa kike, au ni wa kiume aliyeanza kula, ni lazima paoshwe. Ndiyo sababu tumesema pachukuliwe nguo ya akiba na maji.

*Suala: Mume wangu anasema matembezi ni kazi ya mama.*
Jibu: Mifano yote tuliyoitaja hapo juu ni ya Mtume (S.A.W.), ambaye hakuna aliyekuwa na shughuli nyingi kumshinda. Malezi ni amana ya wote wawili, na kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga. Baba asiyepata siku nzima na atoe saa moja baada ya Alasiri, siku moja katika wiki, na asiivunje ahadi hiyo. Mtoto anayeahidiwa na kudanganywa hujifunza uongo kutoka kwa mtu anayempenda kuliko wote.

Tunamuomba Allah (S.W.) awafanye watoto wetu kuwa kitulizo cha macho yetu, awahifadhi na kila shari ya nchi kavu na bahari, na atuwafikishe kuwalea katika kheri. Amin.

Wallahu a'lam.